Majina ya Waliopewa Ruzuku: Yasomwe Barazani au Yafungiwe Kabatini?

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu

Ndugu wakulima, mwezi huu hatusemi juu ya kupanda wala kuogesha ng'ombe. Twasema juu ya karatasi. Ni karatasi yenye majina ya watu waliopewa msaada wa Serikali, pamoja na kiasi alichopewa kila mmoja. Karatasi hiyo imezusha kesi kubwa huko Ulaya, na katika vijiji vya Tanganyika ya zamani na Malawi imewapatanisha watu wengine na kuwagombanisha wengine. Katika skimu zetu yaweza kufanya yote mawili. Basi yafaa tuijue vizuri.

Kwanza, ruzuku ni nini? Ni fedha ya umma ambayo Serikali hutoa ili kumpunguzia mkulima gharama au kumwongezea pato. Pengine hutolewa kama fedha mkononi. Pengine hutolewa kwa njia ya bei: mkulima hununua mfuko wa mbolea kwa bei ndogo, na Serikali hulipa kilichosalia. Njia hii ya pili huwapoteza wengi. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali ya Kenya ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea hadi shilingi 3,500, wakati mfuko kama huo dukani ulikuwa umepita shilingi 6,000. Mwaka wa 2023 bei ya ruzuku ikashushwa tena hadi shilingi 2,500. Mtu aliyelipa fedha hiyo aliona amenunua tu, kama anunuavyo sukari. Kumbe alikuwa amepewa msaada, na kila mfuko aliobeba ulikuwa na shilingi elfu kadhaa za watu wengine ndani yake, yaani kodi iliyotozwa juu ya mafuta, sabuni na muda wa maongezi wa simu. Mjane asiye na shamba ameilipia mbolea hiyo pia. Kwa sababu hii hawezi kuambiwa kwamba jambo hili halimhusu.

Tena jambo hili si geni katika ardhi mnayoilima. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, sheria ya kuongeza mazao iliwapa wakulima wa Kizungu wa nyanda za juu malipo ya kuvunja ardhi mpya. Iliwapa pia dhamana ya pato la chini kwa kila ekari ya mahindi au ngano, hata mvua ikikosa. Skimu za Ekari Milioni zilipoanza mwaka wa 1962 na mashamba yale makubwa kukatwa vipande, mkulima aliyepewa kipande alikipokea pamoja na deni la kulipa kwa miaka mingi. Dhamana ile iliendelea baada ya Uhuru kwa wenye mashamba makubwa, mpaka ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa imeacha nyuma yake madeni mengi yasiyolipwa. Wazee wa skimu wanaikumbuka, ingawa wengi wao waliiona kwa upande wa nje wa ua tu.

Sasa twende Ulaya, maana huko ndiko shauri la majina lilikopiganiwa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Nchi za Ulaya zilizoungana zilianza kuwa na siasa moja ya kilimo mwaka wa 1962. Mwanzoni msaada wao ulikuwa katika bei: mkulima alihakikishiwa bei nzuri ya ngano, maziwa na sukari. Kuanzia mwaka wa 1992, na zaidi baada ya mwaka wa 2003, wakaanza kumlipa mkulima kwa kuhesabu ardhi aliyonayo. Mwenye ardhi nyingi hulipwa nyingi. Fedha hizi kwa miaka mingi zilikuwa sehemu kubwa kupita zote ya matumizi ya Umoja wa Ulaya, lakini raia wa kawaida alipouliza, "Ni nani anayezipokea?" alijibiwa tu kwamba ni wakulima. Alipouliza ni wakulima gani, aliambiwa hiyo ni siri ya mtu na ofisi.

Nchi ya Denmark ndiyo iliyotangulia kufungua kabati, mwaka wa 2004, baada ya waandishi wa habari kudai majina kwa kutumia sheria. Uingereza ilifuata mwezi wa Machi 2005, miezi michache tu baada ya sheria yake ya haki ya kupata habari kuanza kufanya kazi. Watu walipoisoma orodha walishangaa. Kwa miaka mingi picha waliyokuwa wakionyeshwa ilikuwa ya mzee mwenye viatu vya tope na ng'ombe kumi. Sasa majina ya juu kabisa yalikuwa makampuni makubwa, hasa ya sukari, yaliyolipwa ili yauze bidhaa yao nje ya Ulaya kwa bei ya chini. Walikuwapo na makabaila wenye maelfu ya ekari, na watu wa ukoo wa kifalme pia. Mzee mwenye viatu vya tope alikuwapo, naam, lakini alikuwa chini sana katika orodha, na fungu lake dogo. Tume ya Ulaya yenyewe imeandika mara nyingi kwamba kama asilimia 80 ya malipo yanayokwenda moja kwa moja kwa wakulima hupokewa na asilimia 20 tu ya wapokeaji.

Hapo wengine watasema, "Hiyo si ajabu, maana mwenye ardhi nyingi ana gharama nyingi." Yaweza kuwa kweli. Lakini angalieni tofauti. Kabla ya orodha kutolewa, jambo hilo halikuweza hata kubishaniwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hesabu mkononi. Baada ya orodha, mtu aliyetaka kutetea malipo yale aliweza kuyatetea, na aliyetaka kuyapinga aliweza kuyapinga, wote wawili wakitazama karatasi moja.

Mwaka wa 2005 waandishi na watafiti waliungana wakaanza kukusanya orodha za nchi mbalimbali mahali pamoja. Miaka miwili baadaye Umoja wa Ulaya ukakubali kuweka amri kwa nchi zote, na kanuni ya mwaka wa 2008 ikaeleza namna ya kuitimiza: kila mwaka, kabla ya mwisho wa mwezi wa Aprili, kila nchi itangaze jina la kila aliyelipwa, mji au kijiji anachokaa, na kiasi alichopata. Mwaka wa 2009 ndipo nchi zote zilipotakiwa kutoa orodha kamili kwa mara ya kwanza. Ujerumani ilichelewa. Wakulima wake wengi walikuwa wamekasirika, na si wakubwa peke yao.

Tusiwacheke wakulima hao. Sababu zao yafaa zisikilizwe. Mkulima mdogo alisema hivi: jirani yangu akisoma kwamba nimelipwa yuro elfu kadhaa atadhani ni faida, kumbe nusu imekwenda kwa kodi ya shamba na nusu kwa dizeli. Tena orodha haikusomwa kijijini tu. Mtu yeyote duniani aliweza kuiandika tafuta na kuliona jina lake na mahali anapokaa, hata mwizi, hata mdai, hata shemeji mwenye kelele.

Mkulima mmoja wa jimbo la Hessen, pamoja na shamba moja la familia la jimbo hilo hilo, wakaenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Hukumu ilitolewa tarehe 9 Novemba 2010, na kila mkulima angefaa kuifahamu, kwa kuwa haikumpa ushindi wote mtu yeyote.

Mahakama ilikubali kwamba mlipa kodi ana haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Lengo hilo, walisema, ni jema. Lakini wakaendelea: kutangaza jina la mtu na pato lake ni kuingia katika maisha yake ya ndani, na kabla ya kufanya hivyo Serikali lazima itafute njia yenye maumivu madogo zaidi. Je, wakubwa wa Ulaya waliwahi kufikiri kumtenga aliyepewa kidogo na aliyepewa kingi? Je, walimtenga aliyepokea mara moja na anayepokea kila mwaka? Hawakufanya hivyo. Walikuwa wamemwaga majina yote katika kapu moja. Basi kwa upande wa watu binafsi amri ile ikavunjwa. Kwa makampuni haikuvunjwa, maana kampuni tangu hapo hulazimika kuonyesha mambo yake mengi kwa watu wote.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kwa miaka kadhaa mtu tajiri mwenye maelfu ya ekari aliyezilima kwa jina lake mwenyewe hakuonekana kabisa, lakini ndugu watatu walioandikisha shamba lao dogo kama kampuni walibaki katika orodha.

Kosa hilo lilirekebishwa kwa sheria mpya ya mwaka wa 2013, na orodha mpya zikaanza kutolewa mwaka wa 2015. Majina ya watu yalirudi, lakini kwa masharti. Yule aliyepata fungu dogo la wakulima wadogo, ambalo halikuweza kupita yuro 1,250 kwa mwaka, jina lake halikuandikwa. Palipokuwa na jina pakawekwa alama, na kiasi alichopata kikaonyeshwa. Orodha ikatakiwa kukaa mbele ya watu kwa miaka miwili kisha iondolewe. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, hapo walifika karibu sana na haki: anayechota kwa kikombe aachwe na siri yake, anayechota kwa pipa atajwe.

Amerika walipita njia fupi zaidi. Mwaka wa 1996 mahakama iliamuru majina ya waliolipwa kwa zao la pamba yatolewe kwa gazeti moja lililoyadai, na mwaka wa 2001 chama kimoja cha mazingira cha mjini Washington kikaweka majina ya waliopokea ruzuku za kilimo mahali ambapo kila mtu angeweza kuyasoma. Wengine walikuwa wakazi wa miji mikubwa, watu wasioshika jembe. India nayo, katika sheria yake ya haki ya kupata habari ya mwaka wa 2005, iliziagiza ofisi za umma zitangaze, bila kungoja kuulizwa, jinsi mipango ya ruzuku inavyoendeshwa, kiasi kilichotengwa, na habari za waliofaidika.

Lakini mambo ya makampuni na mahakama za ng'ambo yako mbali na skimu. Tusogee karibu.

Malawi ilianza mpango mkubwa wa mbolea ya ruzuku katika msimu wa 2005. Mkulima aliyechaguliwa alipewa hati za kununulia mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa bei ndogo. Hati hazikuwatosha wote, basi ilikuwa lazima wengine waachwe. Mwanzoni machifu walikuwa na sauti kubwa katika kuchagua. Baadaye ikaamriwa mikutano ya wazi ya kijiji itumike, na majina yasomwe mbele ya wote. Ikatokea jambo ambalo wakubwa wa ofisini hawakulipanga: katika vijiji vingi watu walisikiliza majina, wakaondoka, kisha wakagawana mbolea wao kwa wao. Aliyepata mifuko miwili alimpa jirani nusu. Wataalamu walilalamika kwamba mbolea imetawanywa nyembamba mno. Huenda. Lakini watu walioishi pamoja walijua kwamba mwaka ujao aliyeachwa ndiye atakayeitwa kusaidia kuzima moto.

Tanzania ilianza mpango wake wa vocha kwa nchi nzima msimu wa 2008. Kwa maandishi ulikuwa mpango mzuri sana. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha, wanaume watatu na wanawake watatu. Kamati iliandika majina ya wakulima wasiozidi hekta moja ya mahindi au mpunga, wakiwatanguliza akina mama wenye kuongoza nyumba. Orodha ikapelekwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji ili ikubaliwe. Vocha ililipia nusu ya gharama, na mkulima akalipa nusu iliyobaki.

Watafiti wawili walikwenda mkoa wa Kilimanjaro kuangalia msimu wa 2009 ulikuwaje. Waliyoyaona yalichapishwa mwaka wa 2012. Kati ya kila vocha 10 zilizotolewa, 6 ziliingia katika nyumba za viongozi waliochaguliwa wa vijiji.

Someni tena sentensi hiyo. Kamati ilikuwapo. Wanawake walikuwamo. Mkutano mkuu uliwekwa na amri. Hata hivyo 6 kati ya 10. Basi yule anayesema kwamba orodha ikisomwa tu wizi umekwisha, hajawahi kukaa katika mkutano ambao mwenyekiti, karani na mwenye duka ni ndugu. Mtu atasimamaje mbele yao aseme, "Jina hili si haki," naye kesho anahitaji barua kutoka kwao? Tena kuna nusu ile ya kulipa. Maskini aliyeandikwa vizuri kabisa, asipokuwa na fedha ya nusu, ataiacha vocha yake mezani, na mwenye fedha ataiokota. Orodha ya walioandikwa ni karatasi moja, na orodha ya waliochukua ni karatasi nyingine. Ofisi nyingi hupenda kuonyesha ile ya kwanza.

Sasa tufike kwetu. Kenya ilikuwa na mpango wa Kilimo Plus tangu mwaka wa 2007, uliowapa wakulima wadogo mbegu kilo 10 na mbolea mifuko miwili, vya kutosha ekari moja. Tangu mwaka wa 2009 kukawa na mbolea ya bei nafuu kupitia bohari za Bodi ya Nafaka. Wakati huo malalamiko yalikuwa ya magari makubwa yaliyotangulia foleni. Baadaye ikaja vocha ya simu. Mwishoni mwa 2022 na mwaka wa 2023 machifu na wasaidizi wao waliwaandikisha wakulima kote nchini, kila mmoja akaeleza ekari zake na mazao yake, kisha ujumbe ukaingia katika simu ukimwambia mifuko yake ni mingapi na aende bohari gani. Njia hii ina faida kubwa: jina, ekari na mifuko vyote vimeandikwa mahali pamoja. Shida ni kwamba ujumbe huingia katika simu ya mtu mmoja mmoja. Foleni ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na macho. Simu haina.

Basi tufanye hesabu, maana orodha isiyohesabiwa ni karatasi ya kufungia chumvi. Huu ni mfano tu, si skimu yoyote mnayoijua.

Tuseme skimu ina mashamba 150. Mkitembea mtaona kwamba kila shamba, kwa wastani, lina ekari 4 za mahindi, na sehemu iliyobaki ni nyasi, miti, boma na njia. Basi mahindi yote ni ekari 600. Tuseme kila ekari yastahili mifuko 2. Jumla ni mifuko 1,200. Sasa mmeipata orodha, mmeijumlisha, nayo yaonyesha mifuko 1,950. Imezidi 750. Kama Serikali hulipia shilingi 3,000 kwa kila mfuko, hiyo ni shilingi 2,250,000, fedha ya kutosha kazi kubwa ya kutengeneza barabara ya kuchukulia maziwa.

Msikimbilie kumshika mtu. Kwanza tazameni majina. Yatakuwa mengi kuliko 150, labda 230, na hilo peke yake si wizi. Wazee wamegawia watoto wao mashamba, na kila mtoto ameandikishwa kwa kipande chake. Lakini kugawa shamba hakuongezi ekari hata moja. Kama baba aliandikwa ekari 4 na wanawe wawili wameandikwa ekari 2 kila mmoja katika shamba lile lile, mahindi yale yamehesabiwa mara mbili. Pengine hakuna aliyekusudia mabaya. Baba aliandikwa na msaidizi wa chifu, na wana wakaandikwa siku ya pili na kijana mwingine.

Pili, tazameni ukodishaji. Shamba ni la mtu aliye Nairobi, na mwenye kulima ni jirani anayelipa kwa msimu. Nani aandikwe? Hata Ulaya hawajamaliza ubishi huu, maana malipo yakifuata ardhi, mwenye ardhi hupandisha kodi, na ruzuku yapita katika mikono ya mlimaji kama maji katika mfereji. Kwa shauri letu mbolea ni ya yule anayeipanda. Lakini neno la lazima ni moja: asiandikwe mwenye ardhi na mlimaji wote wawili kwa ekari zile zile.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu, tazameni ekari zenu wenyewe. Karani alipouliza, ni wangapi walisema ukweli? Mtu mwenye ekari 4 alisema 5, akiogopa kwamba mbolea italetwa pungufu. Kama kila mmoja wa wale 150 aliongeza ekari moja tu, hiyo ni mifuko 300. Basi kati ya ile 750 iliyozidi, 300 ni uongo mdogo wa watu wema, na iliyobaki ni 450. Katika hiyo 450 mtatoa iliyohesabiwa mara mbili kwa baba na mwana. Kitakachosalia huenda ni majina ya marehemu, majina yaliyogeuzwa la baba likawa la kwanza, na mtu mmoja au wawili wenye ekari 60 katika skimu ambayo shamba kubwa kabisa ni ekari 40. Huyo ndiye mnayemtafuta. Lakini mnaona alivyojificha vizuri nyuma yenu. Mkisimama kumtaja, atasema, "Na wewe ekari yako ya tano iko wapi?" Baraza lote litanyamaza.

Kwa hiyo skimu inayotaka orodha isomwe, yafaa ianze kwa kupima mahindi yake, kamba mkononi, kabla ya kwenda ofisini. Bwana Shamba atasaidia akiombwa. Kazi hiyo ni ya siku tatu au nne.

Je, orodha iwe na nini ndani? Iwe na jina la mkulima, nambari ya shamba, ekari alizosema, mifuko aliyopangiwa, mifuko aliyochukua na tarehe. Isiwe na nambari ya kitambulisho wala nambari ya simu. Vitu viwili hivyo vikibandikwa ukutani, matapeli watapiga simu kabla ya jioni wakijifanya ni maofisa wa mbolea. Tunayo sheria ya kulinda habari za watu, ya mwaka wa 2019, na ofisi ikiwakatalia nambari hizo iko sawa. Lakini ikikataa hata jumla ya mifuko kwa sababu ya sheria hiyo, hapo imeigeuza sheria kuwa kufuli. Jumla haina jina la mtu.

Tena kuna tofauti ya kusoma orodha kwenye baraza na kuitangaza kwa ulimwengu mzima. Katika baraza watu wanajuana. Wanajua kwamba mama fulani ana ekari 3 na kwamba mwaka jana alifiwa. Hesabu haiwi kavu mbele yao. Orodha inayokwenda mbali na skimu yaweza kufuata njia ya Ulaya: wenye mifuko michache waandikwe kwa nambari ya shamba peke yake, na wenye mifuko mingi watajwe. Mpaka uwekwe na wakulima wenyewe kabla orodha haijafunguliwa, maana ikishafunguliwa kila mtu atataka mpaka upite juu kidogo ya jina lake.

Na njia ya kuipata? Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka wa 2016 yaeleza namna. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ofisa ni wajibu wake kumwandikia. Hulazimiki kueleza sababu. Kupeleka ombi hakuna malipo, ingawa waweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu ikiwa kazi ni kubwa. Ikinyamaza, kimya hicho huhesabiwa kuwa ni kukataa. Aliyekatazwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo yaweza kuiamuru ofisi itoe habari.

Barua iwe fupi. Msiitie matusi wala majina ya mnaowashuku. Mfano wake ni huu:

"Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kilimo. Sisi ni wakulima wa skimu hii, ambao majina yetu na nambari za mashamba yako hapa chini. Kwa sheria ya kupata habari ya mwaka wa 2016, twaomba orodha ya mbolea ya ruzuku iliyopangiwa skimu yetu msimu uliopita: jina, nambari ya shamba, ekari, mifuko iliyopangwa, mifuko iliyochukuliwa na tarehe ya kuchukuliwa. Twaomba pia jumla ya mifuko iliyoingia katika bohari kwa ajili yetu. Hatuhitaji nambari za simu wala za vitambulisho. Ekari zetu za mahindi tumezipima wenyewe, na hesabu yake tumeiambatanisha."

Fanyeni nakala mbili. Moja ipokewe ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa siku hiyo mrudi nayo. Siku 21 zihesabiwe kutoka tarehe ya muhuri huo.